Mama Mbula na Fomu Mia Moja Arobaini na Tatu

Bi. Idah Kavata Nzioki atastaafu siku ya Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, baada ya kuitumikia Idara ya Uchumi ya Chuo Kikuu cha Ndarugu kwa miaka thelathini na karibu miezi tisa. Aliingia akiwa mpiga chapa wa miaka ishirini na tisa. Anatoka akiwa msimamizi wa ofisi ya masomo ya uzamifu. Amefanya kazi chini ya wenyeviti saba wa idara, na wote saba, kila mmoja kwa wakati wake, waliwahi kumwuliza muhuri uko wapi.

Sisi humwita Mama Mbula, kwa jina la bintiye wa kwanza. Wanafunzi humwita Madam Kavata mpaka wamzoee, na hilo huchukua kama wiki moja.

Mwandishi wa makala haya alijiunga na ofisi hii mwezi wa Februari akiwa karani wa muda, muda mfupi baada ya matokeo ya kidato cha nne, kwa hivyo mengi yaliyomo hapa ameyapata kwa kuwauliza wakubwa wake wakati wa chai. Karibu kila aliyeulizwa Mama Mbula ametufanyia nini hakuanza na miaka thelathini. Alianza na siku nne za Aprili 2017, wakati nafasi ya Wanja Mburu ya kusomea shahada ya uzamifu ilipokuwa karibu kupotea. Tutafika huko.

Mama Mbula alikulia mashariki ya Thika, upande wa Kilimambogo, ambako wazazi wake walikuwa vibarua katika mashamba ya mananasi. Alisomea kupiga chapa mjini Thika, akaolewa, akahamia mtaa wa Landless, na hajahama tangu hapo. Kazi yake ya kwanza katika idara ilikuwa kuchapa tasnifu. Taipureta ya wakati huo haikuwa na zile herufi za Kigiriki ambazo wanauchumi huzipenda, kwa hivyo alikuwa akiacha nafasi, halafu anarudi kuzichora moja moja kwa kalamu nyeusi. Tasnifu ya kwanza aliyoichapa ilihusu kahawa ya Ruiru. Ina sigma mia nne na kumi. Anajua kwa sababu alizihesabu. Iko maktabani hadi leo, na mtu yeyote akienda kuitazama ataona kwamba sigma zake zina sura nzuri kuliko za kompyuta.

Kwa kuchapa kazi za watu alijifunza uchumi mwingi bila kuketi darasani. Mhadhiri mmoja mgeni, akidhani anazungumza na mwenzake, alimwuliza yeye humfuata mwanauchumi gani. Mama Mbula alimjibu kwamba yeye hufuata ratiba, na kwamba kipindi cha huyo mgeni kilikuwa kimeanza dakika kumi zilizopita.

Mwaka wa 2003 alikabidhiwa kazi ya kupokea maombi ya uzamifu. Wenzetu wa idara nyingine huenda hawajui kazi hiyo inavyokwenda. Watu wengi hudhani kwamba anayechukuliwa ni yule mwenye alama za juu zaidi. Alama ni muhimu, lakini mwanafunzi wa uzamifu hulelewa na msimamizi mmoja, na msimamizi hawezi kumwongoza mtu katika jambo asilolifanyia utafiti yeye mwenyewe. Ndiyo maana fomu humtaka mwombaji aseme anapenda eneo gani la uchumi: maendeleo, fedha, kilimo, ajira, afya, masoko na mengine. Kila Machi fomu hizo hupangwa kwa marundo juu ya meza ndefu ya chumba cha mikutano, rundo moja kwa kila eneo, na kila mhadhiri husoma rundo linalomhusu. Ukianguka katika rundo la watu sitini lenye nafasi mbili, alama zako nzuri zitashindana na alama nzuri za wengine hamsini na tisa. Rundo la kando yake linaweza kuwa na nafasi mbili na lisiwe na mtu.

Rundo la uchumi wa maendeleo ndilo lililokuwa refu kila mwaka. Kwa upande mwingine alikuwapo Prof. Awiti, anayetafiti masoko ya wazi. Kila Machi alikuwa akichungulia mlangoni na kuuliza, "Mama Mbula, rundo langu limefika wapi?"

Mama Mbula alikuwa akimjibu, "Prof, bado ni meza tu."

Fomu ilikuwa na mistari mitatu ya kuandika maeneo unayoyapenda. Mama Mbula alipanga kwa kufuata mstari wa kwanza. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo, na kwa miaka kumi na minne hakuna aliyemwuliza. Alikuwa na kasi. Angeweza kumaliza fomu mia moja kabla ya chai ya saa nne, na wenyeviti walimsifu kwa hilo katika ripoti zao za kila mwaka.

Halafu, Jumanne moja ya Aprili 2017, Wanja Mburu aliingia ofisini. Alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule moja ya upili huko Mwihoko, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, alikuwa amekuja kutazama orodha ya waliopendekezwa, iliyokuwa imebandikwa ukutani. Jina lake halikuwamo. Mwaka uliotangulia pia halikuwamo. Orodha ilikuwa imebaki kupitishwa na bodi ya chuo siku ya Ijumaa, basi.

"Naomba nakala za vyeti vyangu, Mama," alisema. "Mwaka jana nilikosa, mwaka huu nimekosa. Sirudi tena."

Mama Mbula alianza kuitafuta faili. Huku akipekua, akamwuliza, "Kwani ulitaka kusomea nini?"

"Nyanya."

"Za shambani?"

"Za kuuza. Mamangu huuza sokoni Githurai 45. Akina mama wa nyanya wamekaa laini moja, bega kwa bega, bei ni moja, na huko mbele kuna mahali wazi kabisa. Nataka kujua kwa nini hakuna mtu huhama akauze peke yake."

Aliendelea hivyo kwa karibu dakika ishirini. Mama Mbula alikuwa ameshapata faili na ameshika fomu mkononi. Mstari wa kwanza ulisema maendeleo. Wa pili ulisema fedha. Wa tatu, kwa maandishi madogo kidogo, ulisema masoko ya wazi. Kurasa nne za maelezo zilizofuata hazikuwa na neno lolote la fedha. Zote zilihusu soko.

"Mbona ulianza na maendeleo?"

"Haki, Mama, mtu ataanza aje na nyanya? Unaandikia maprofesa. Unataja yale makubwa kwanza, halafu yako unaweka mwisho."

Mama Mbula aliketi. Hivyo ndivyo naye alivyofundishwa kuandika barua nyumbani: unaanza kwa kuwajulia hali wazee na watoto, unauliza mvua na mifugo, na lile lililokufanya uchukue kalamu linakuja chini kabisa, karibu na jina lako. Alimwandikia mamake hivyo maisha yake yote. Na sasa aliona kwamba kwa miaka kumi na minne alikuwa akisoma salamu za watu na kuifunga barua.

"Vyeti visitoke hapa," alimwambia. "Nipe mpaka Ijumaa."

"Mama, usinipe moyo bure."

"Sikupi moyo. Nakuomba siku tatu."

Dkt. Gachau, aliyekuwa mwenyekiti, anakumbuka vizuri alivyoingiliwa ofisini mchana huo, kwa sababu Mama Mbula hakubisha hodi, na hilo halikuwa limewahi kutokea. Alimweleza yote, pamoja na miaka kumi na minne. Dkt. Gachau alimtahadharisha kwamba akiirudisha ile orodha, bodi itauliza nani alikosea.

"Na waulize," alisema Mama Mbula. "Jina langu lina herufi sita. Haitawachukua muda kuliandika."

Wahadhiri waliitwa kwenye kikao cha ghafla jioni hiyo hiyo. Prof. Awiti alisoma zile kurasa nne akiwa amesimama na akasema anamtaka mwombaji huyo. Dkt. Njau alipinga, na ni haki kueleza hoja zake kwa sababu hazikuwa mbaya. Ya kwanza ilikuwa kwamba fomu ni fomu: mtu asiyeweza kuandika jambo lake mahali palipotengwa ataandikaje tasnifu? Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Aliuliza, kama Wanja aliwekwa kwenye rundo lisilo lake, tuna hakika gani kwamba ni yeye peke yake? Kumrudisha mmoja kwa sababu alikuja kulalamika kungekuwa kuwaonea wasiokuja.

Kila mtu alimgeukia Mama Mbula akitarajia atajitetea. Yeye alisema, "Daktari ana haki. Nipeni kesho."

Siku ya Jumatano alifungua chumba cha mikutano saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzisoma fomu zote mia moja arobaini na tatu, safari hii kuanzia ukurasa wa mwisho wa maelezo. Wa kantini walimletea githeri mezani. Mwas, fundi wetu wa kompyuta, alipita mara mbili kumwuliza kama anahitaji msaada, na mara zote mbili aliambiwa anyamaze kwa sababu ukurasa ulikuwa unafika pazuri. Kufikia jioni alikuwa amepata wengine wanne waliowekwa mahali pasipo pao. Wawili kati yao walitaka masoko ya wazi, kama Wanja. Wote wawili, mmoja wao akiwa Tobias Kaleli, walikuwa na alama za juu kuliko za Wanja.

Prof. Awiti alikuwa na nafasi mbili. Jumanne alikuwa tayari kumchukua Wanja bila maswali mengi. Kufikia Jumatano jioni Wanja alikuwa mmoja wa watu watatu, na kwa alama alikuwa wa tatu.

Mama Mbula alijua alichokifanya. Alimpigia simu Wanja na kumweleza bila kumficha kitu: Alhamisi saa mbili asubuhi, mahojiano, watu watatu, nafasi mbili. Wanja mwenyewe anasema alimwuliza, "Kwa hivyo umenitafutia washindani, Mama?" Mama Mbula akamjibu kwamba walikuwapo tangu mwanzo, yeye ndiye hakuwa amewaona.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi Mama Mbula hakuruhusiwa kuingia chumbani, kwa kuwa suala lilimhusu. Alikaa nje na wale watatu, akawapa chai, na kwa usawa kamili akamwambia kila mmoja asiongee haraka. Mwombaji wa kwanza aliwaridhisha wahadhiri wote. Kaleli alizungumza vizuri pia, hasa juu ya masoko ya maembe huko kwao. Wanja aliingia mwisho.

Swali gumu lilitoka kwa Dkt. Njau. "Wanaouza kitu kimoja wakikaa pamoja si wanaharibiana biashara?"

Wanja alisema kwamba mamake akienda kanisani katikati ya wiki, jirani yake humwuzia nyanya zake, kwa bei ile ile, na hakuna kilichowahi kupotea. Angekuwa peke yake huko mbele, angefunga. Tena mnunuzi huja kwenye laini kwa sababu anajua atachagua. Akimkuta mmoja tu hamwamini. Alisema hayo yote, kisha akaongeza, "Lakini sijui kama hiyo ndiyo sababu. Hayo ni yale mamangu husema. Hakuna mtu ameenda kupima. Ndiyo maana nimeomba."

Waliokuwamo wanasema Dkt. Njau aliweka kalamu chini. Wanja alipotoka, Dkt. Njau ndiye aliyezungumza wa kwanza, na kwa ufupi. "Fomu alijaza vibaya," alisema. "Swali analo." Kura zikapigwa. Mwombaji wa kwanza alipata nafasi, na nafasi ya pili ikaenda kwa Wanja Mburu, kwa tofauti ya kura moja. Ijumaa bodi ikaipitisha orodha iliyorekebishwa.

Mama Mbula alimpigia Wanja simu. Wanja alikuwa sokoni akimsaidia mamake, na kwa kelele za pale hakusikia mara ya kwanza. Aliposikia mara ya pili alimpa mamake simu asikie mwenyewe.

Simu ya pili siku hiyo ilikuwa ya Tobias Kaleli. Mama Mbula hakutaka ajue kwa barua. Alimweleza kwamba alikosa kwa kura moja, kwamba kosa la kumpanga vibaya lilikuwa la ofisi yetu na hasa lake yeye, na kwamba maembe yake yangemfaa pia mhadhiri wa kilimo aliyekuwa akirudi mwaka uliofuata. Kaleli alikasirika, na alikuwa na haki. Mwaka uliofuata aliomba tena, akiweka maembe mstari wa kwanza, akachukuliwa. Wengine wawili waliopatikana kwenye marundo yasiyo yao hawakupata nafasi, kwa sababu katika maeneo yao hapakuwa na msimamizi aliyebaki. Mama Mbula huwataja kwa majina hadi leo.

Kosa lilipaswa kuandikwa, na Dkt. Gachau aliamua kumpa barua ya onyo. Shida ni kwamba katibu wa mwenyekiti alikuwa Mama Mbula mwenyewe. Kwa hivyo mwenyekiti aliisoma kwa sauti huku akitazama dirishani, naye akaichapa, akarekebisha tarehe aliyokuwa ameikosea mwenyekiti, akapunguza sentensi moja iliyokuwa na huruma kupita kiasi, na kuileta itiwe sahihi. Aliipokea, akasema asante, akaipeleka kwenye faili yake. Hajawahi kuomba iondolewe. Ofisi ya wafanyakazi ilipokusanya kumbukumbu zake mwezi uliopita, iliikuta pamoja na vyeti saba vya utumishi bora, naye akasema vyote vikae pamoja.

Mwaka huo huo fomu ilibadilishwa. Siku hizi, kabla ya ile mistari mitatu, kuna swali moja aliloliandika Mama Mbula: "Ukipewa miaka minne ya kutafuta jibu la jambo moja, ungetafuta jibu la nini?" Fomu zilipoingizwa kwenye kompyuta mwaka wa 2019, Mwas alimhakikishia kwamba sasa kazi imekwisha. "Madam, hii itapanga zote kwa dakika mbili."

"Hata mimi nilikuwa napanga haraka, Mwas," alimjibu. "Hapo ndipo nilikosea." Mashine hupanga, na baada yake mtu husoma zote. Chai ya saa nne ya Machi sasa hunywewa pale pale mezani. Prof. Awiti hajakosa wanafunzi tena, na marundo mengine madogo yamepata watu waliokuwa wamejificha chini ya maneno makubwa.

Wanja Mburu alimaliza uzamifu wake mwaka wa 2022. Aligundua kwamba ulinzi wa jirani anayekuuzia ukitoka ni sababu mojawapo, lakini si kubwa kama mamake alivyofikiri, na mamake hajakubaliana na matokeo hayo. Dkt. Wanja sasa ni mhadhiri katika idara hii, na tangu Januari ndiye mratibu wa maombi ya uzamifu. Machi iliyopita yeye na Mama Mbula walikaa pamoja na kusoma fomu mia mbili na nane. Palipokuwa na ubishi, walibishana. Dkt. Wanja anasema hajawahi kushinda hata ubishi mmoja kwa kutumia cheo.

Baada ya bodi kukaa, Mama Mbula alifanya alichokifanya kila mwaka tangu 2017. Aliwapigia simu waliokosa nafasi, kila mmoja, akawaeleza sababu: huyu alama, huyu hakuna msimamizi wa eneo lake mwaka huu, huyu ajaribu tena na aanze na lile lililo moyoni mwake. Simu hizo zilimchukua siku sita. Tulioketi karibu naye tulisikia wengine wakilia, wengine wakimshukuru, na mmoja akimwalika kwenye harusi.

Mama Mbula hapendi kusifiwa na atauliza ni nani aliyeruhusu makala marefu hivi. Tutamwambia ni mwenyekiti. Bwana Nzioki, mumewe, anamngoja Landless, pamoja na Mbula, wajukuu wawili, na robo ekari upande wa Kilimambogo ambayo anasema imechoka kumsubiri. Wenzake wote wanakaribishwa kuagana naye siku hiyo ya Ijumaa, saa nane mchana, katika kantini ya wafanyakazi.

Mama Mbula, asante kwa sigma mia nne na kumi, kwa kutufundisha kusoma mpaka mwisho, na kwa kusema "ni mimi niliyekosea" mbele ya watu ambao wengi wetu tungeogopa hata kuwaamkia. Mungu akupe afya na miaka mingi ya kuifurahia. Uamke saa tatu kama unataka. Dkt. Wanja ametupa fomu za Machi iliyopita tuanze kujizoeza, na ametugawia kila mmoja rundo lake la Machi ijayo. Waliokosa tutawapigia sisi.